Makopo Mawili ya Majivu

Bi Sikuzani wa Makole, Dodoma, alikuwa na kinyaa cha kupewa cheti. Harusini alikwenda na kikombe chake ndani ya mkoba, msibani na kijiko chake, na mtu akipiga chafya upande wa pili wa ukumbi yeye anasukuma sahani. Choo ndicho usiseme. Miaka thelathini alikuwa hajakanyaga choo cha mtu. Akialikwa mbali haonji maji tangu jana yake, anakaa mkekani kama mtungi mkavu, anatabasamu, kisha anarudi kwake mbio.

Sasa Khalidi, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana meno mawili, akampenda Khairat wa Kibakwe, kule vilimani Mpwapwa. Mama wa binti, Bi Sabiha, naye alisifika kwa usafi mpaka watu wakamwogopa. Mwaka jana wazee wa kijana mwingine walioleta posa aliwarudisha kabla mkeka haujapata joto, kisa mmoja wao kafutia vidole vya pilau kwenye pazia. Kwa Khalidi alituma maneno machache tu: "Aje aliyemlea. Nimwone kwa macho yangu." Yaani shangazi asipokwenda, hakuna posa.

Kibakwe ni mwendo wa saa nne na ushei, barabara ikiwa na huruma. Kwa mwanamke wa miaka sitini na nane, saa nne bila choo ni nyingi.

"Nitakwenda na Gesti," akasema Bi Sikuzani.

Gesti ndivyo watu wa Makole walivyolibatiza gari-nyumba la Khalidi. Alilinunua kwa Mzungu aliyekata tamaa na barabara zetu, sasa anawakodishia watafiti wanaolala maporini. Lina vitanda, jiko, sinki, na choo chenye mfuniko. Chini ya tumbo limebeba matangi mawili, moja la maji ya sinki na moja la choo, kila moja na koki yake. Khalidi alimweleza shangazi yake taratibu. Ukitaka kumwaga unaunga mpira mnene, unaanza na la choo, ndipo unafungulia la sinki ili yale maji ya sabuni yaoshe mpira.

"Na ndani ya choo, shangazi, hakiingii kitu kingine. Haja, maji, na ile dawa ya bluu. Basi."

"Kwani mimi nitatia nini?"

Asubuhi ya safari akaingia kukikagua. Akafunua mfuniko, akatanguliza pua. Kulikuwa na harufu. Ndogo, ya mbali, lakini ya watu. Mwili ukamsisimka kuanzia visigino. Mavi ya watafiti! Watu ambao hata kusalimiana nao hajawahi, leo asafiri nao mpaka Kibakwe! Akarudi jikoni kwake, akachota majivu makopo mawili, akayamimina mle ndani, kama alivyofanya mama yake na kama afanyavyo kila mwenye choo cha shimo kuanzia Miyuji mpaka uendako. Majivu huua harufu, nzi wakahama. Akafunika, akapangusa mikono. Hakumwambia mtu.

Walikuwa watatu: Khalidi kwenye usukani, Bi Sikuzani, na kaka yake mwingine Mzee Rajabu, msemaji wa posa, ambaye kibofu chake kilistaafu kabla yake. Hawajafika Mbande, Mzee Rajabu kashaingia chooni mara tatu.

"Kaka, umekunywa bwawa?"

"Choo cha bure, tena kinatembea. Niache nifaidi."

Na hakubania maji. Kila akiingia, kopo la lita mbili lote linakwenda. Aliyelipima lile tangi huko kwao aliwapimia watu wa karatasi, hakuwaza kwamba duniani kuna watu wanaochamba.

Mpwapwa mjini Bi Sikuzani akakosa raha na tangi la sinki. Lilikuwa likibwabwaja chini ya miguu yake kama tumbo la ng'ombe. Akamwamuru Khalidi alimwage kwanza. Khalidi akasema, "Shangazi, yale ndiyo ya kuoshea mpira." Shangazi akamtazama. Khalidi akayamwaga kwenye shimo la majitaka la gereji, ruhusa akiwa kaomba ya maji ya sabuni tu.

Walipopita Gulwe na vilima kuanza, taa nyekundu ya tangi la choo ikawaka. Kwenye mwinuko wa kwanza, kitu nyuma yao kikasema *glub*.

"Nani huyo?" akauliza Mzee Rajabu.

Bi Sikuzani akaenda kutazama. Laiti asingekwenda. Mfuniko ulikuwa ukiinuka wenyewe, taratibu, kama mgonjwa anayetaka kuamka. Chini yake kulikuwa na uji mzito wa kijivu. Katikati ya uji likavimba povu, likakua, likakaza, likapasuka bila haraka, *pwaa*, na tone moja likaruka likatua ukutani, karibu kabisa na kanga yake mpya. Harufu ya choo cha shimo ina adabu, inakaa kwake. Hii ilitoka nje, ikamshika mkono, ikakaa naye kitini. Nguo zake alizifukiza udi tangu juzi. Udi na kile kitu vikakutana, vikazaa kitu cha tatu ambacho hakina jina kwa Kiswahili wala kwa Kigogo.

"Simamisha!"

Akatoa kichwa dirishani, akatapika. Tumbo lilikuwa tupu, likatoa uchungu mtupu.

Khalidi akasimama kando ya barabara, kanzu imemganda mgongoni. "Tukifika hivi, Bi Sabiha hatatufungulia hata mlango. Tumwage hapo korongoni, shangazi, tuondoke."

Bi Sikuzani akachungulia. Chini ya korongo wanawake walikuwa wakichota maji kwa ndoo.

"Wale wanachota. Nikiletewa chai Kibakwe, nitajuaje imetoka wapi?"

Juu kidogo ya barabara mzee mmoja alikuwa akilainisha sakafu ya choo kipya, shimo limechimbwa, kuta bado. Wakapanda kumsalimu. Aliitwa Bartolomayo, Mgogo wa palepale, na alipoulizwa hali akauliza yeye kwanza kabila lao. Mzee Rajabu akajibu kwa kiburi kwamba babu yao alikuwa Mnyamwezi wa misafara. Bartolomayo akadondosha mwiko kwa furaha.

"Watani wangu! Babu zenu walipita hapa na pembe za ndovu kichwani. Leo mmenibebea nini?"

Wakatazamana. Ikabidi Khalidi aseme.

Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Emilia! Emilia we! Njoo uone! Wapagazi wamerudi, safari hii wamebeba mavi!"

Mkewe Emilia akatoka na unga mikononi, akavuta hewa mara moja, akarudi ndani.

Bartolomayo hakuwa mchoyo. Shimo lilikuwa la futi kumi na tano, halijaonja kitu, akasema si vibaya wakilizindua wageni. Khalidi akarudisha gari nyuma, akavua kanzu, akaunga mpira, akaufikisha shimoni, akavuta koki.

Kimya.

Kisha mpira ukapumua. Upepo wa moto, mzito, wa siku nyingi, ukawapita wote usoni. Mzee Rajabu akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga, akaenda mbali. Baada ya upepo likatoka tone moja la kijivu. Likafuatiwa na hakuna kitu.

Khalidi akalala chini ya gari, akachokoa kwa kijiti. Bartolomayo akakipokea kile kijiti, akakitazama ncha, akakisugua kwenye jiwe. Kikakwaruza.

"Haya majivu. Yameganda kama sakafu yangu hii. Nani mjinga ametia majivu kwenye debe?"

"Ni yule Mzungu aliyeniuzia," akasema Khalidi kutoka uvunguni, sauti inataka kulia. "Kaniuzia gari bovu. Basi tena. Tugeuze turudi Dodoma. Nitampigia Khairat nimwambie asingoje."

Bi Sikuzani akatazama miguu ya mtoto wake ikitokeza chini ya gari, soksi nyeupe alizozinunua kwa ajili ya posa. Angeweza kunyamaza. Mzungu yuko kwao, hawezi kujitetea.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, shangazi?"

"Makopo mawili. Kilikuwa kinanuka."

Miguu ikatulia kabisa. Bartolomayo akamnyooshea Bi Sikuzani kile kijiti.

"Zamani babu zenu hawakupita Ugogo bila kumlipa mtemi hongo ya nguo. Mimi nguo sitaki. Hongo yangu leo, mwenye majivu ashike mpira mwenyewe."

"Mgogo, huna haya! Mimi mtu mzima!"

"Basi geuzeni."

Bartolomayo ndiye aliyetoa na dawa. Uji ulikuwa umeshuka baada ya ule upepo kutoka, wakatia chooni ndoo mbili za maji ya moto na pakiti nzima ya sabuni ya unga, wakafunika mfuniko, wakauwekea jiwe juu. Khalidi akaliendesha gari kwenye njia ya mawe, juu na chini, juu na chini, mara kumi na mbili. Ndani kulisikika kama mtu anaoga kwa hasira. Lilipokuwa likikata kona povu lilichungulia chini ya mlango, la kijivu, lina vipande.

Wakaunga tena. Bi Sikuzani akafunga ushungi puani, akachuchumaa kwenye ukingo wa shimo, akaushika mpira kwa mikono miwili kama anavyoshikwa kuku wa mtu. Ulikuwa vuguvugu. Hilo ndilo alilochukia kuliko yote, kwamba ulikuwa vuguvugu.

"Vuta!" akamwamuru Khalidi.

Mpira ukatetemeka. Ukavimba mikononi mwake, donge likapita, akalihisi likipita, donge jingine, halafu likaja lote kwa pamoja kama ng'ombe wanaotolewa zizini. Mpira ukaruka, akaukumbatia, ukaruka tena, ukamtoka. Kabla hajaurudisha shimoni ulikuwa umempiga kuanzia magotini kwenda chini, ndani ya viatu, baina ya vidole. Mle baina ya vidole kulikuwa na kitu kilichoteleza, na alikijua, na hakutaka kukijua. Akapiga yowe lililowainua wanawake kule korongoni. Lakini mpira hakuuacha tena mpaka uliposema *krrr* ukabaki mtupu.

Na maji ya sinki ya kuoshea mpira, hakuna. Kayamwagisha mwenyewe Mpwapwa.

Emilia alimwogesha kwa mapipa, kisha akampa kanga yake iliyofifia. Nguo ya mtu. Bi Sikuzani akaivaa bila kuuliza ilifuliwa lini. Bartolomayo akawasindikiza barabarani akipiga makofi. "Mkija kuchukua bibi harusi mpite tena! Shimo bado lina nafasi!"

Walifika Kibakwe alasiri. Bi Sabiha alikuwa mlangoni, mwembamba, mweupe kuanzia mtandio mpaka kandambili, na ua wake umefagiwa mpaka kuku wanatembea kwa kunyata. Wakasalimiana. Pua yake ikasimama.

"Kuna nini?"

"Ni mbuzi," akaanza Mzee Rajabu, msemaji. "Njiani tulikutana na mbuzi..."

"Si mbuzi, bibie," akasema Bi Sikuzani. "Ni mimi." Akaeleza yote, akiwa amesimama palepale nje ya mlango: majivu, uji wa kijivu, mpira, baina ya vidole. Bi Sabiha alisikiliza ameziba mdomo kwa mtandio, macho yanamtoka, na penye vidole alishika mwimo wa mlango. Khalidi alikuwa akitazama chini kama mtu anayesomewa hukumu.

Bi Sikuzani alipomaliza akagundua jambo jingine. Tangu ule mwinuko wa kwanza hakuwa amekwenda haja, na maji ya Emilia alikunywa vikombe viwili. Gestini harudi, hata kwa bunduki. Miaka yake thelathini ikamwishia pale pale uani.

"Bibie, nisamehe. Naomba choo."

Bi Sabiha akamtazama sana, kuanzia kanga iliyofifia mpaka nyayo zilizosuguliwa hadi zikawa nyekundu.

"Choo changu haingii mgeni," akasema. "Wale wa mwaka jana waliomba, nikawaonyesha kichaka." Akaingia ndani. Khalidi akafumba macho. Bi Sabiha akatoka na kopo, limejaa maji, jipya, lebo bado inang'aa. Akalitia mkononi mwa Bi Sikuzani.

"Nyuma ya nyumba, mkwe. Khairat! Leta mkeka, wazee wakae."

Choo kilikuwa cha shimo, sakafu imesuguliwa mpaka unaona sura yako, ambayo si pahala pa kujiona. Bi Sikuzani alikitumia huku amefumba macho. Alipofumbua, akaona kwenye kona, juu ya tofali, debe dogo lenye majivu na mkebe wa kuchotea. Akauchukua mkebe, akaujaza.

"Mkwe!" sauti ya Bi Sabiha ikamjia kutoka upande wa pili wa ukuta. "Kiganja kimoja tu!"