Viwanja vya Mirihi

Wageni wa posa tangu lini wakawahi? Hilo ndilo alilojiuliza Bhoke aliposikia gari likiguna nje ya geti, jua bado liko utosini, na yeye kasimama katikati ya sebule ya baba yake, waya mkononi, sayari nzima imeanikwa kwenye runinga.

Waliambiwa saa kumi. Katika Nkende yote, na sijui kama kuna mji wa tofauti, mtu akiambiwa saa kumi huanza kutafuta sabuni saa kumi, na Bhoke alikuwa amepanga siku yake juu ya tabia hiyo njema. Usaili wake wa kazi, kwa njia ya mtandao, ulikuwa saa nane. Wageni wangefika akiwa amemaliza kitambo, amevaa sare ya kitenge, anagawa soda kwa adabu. Lakini watu wa Nyansurura, waliokuja kumposa dada yake Wegesa, walitoka alfajiri kwa kuiogopa barabara, na barabara, kwa ukorofi wake, siku hiyo ikawa nzuri.

Mambo ya Wegesa yalikuwa yameshaiva, yalibaki maneno na kula tu. Yaliyokuwa mabichi ni ya Bhoke. Alisomea upimaji wa ardhi, akahitimu, akarudi nyumbani, na tangu arudi alikuwa akipima Mirihi. Ndivyo mama yake, Eunice, alivyowaeleza majirani, na majirani wakamwonea huruma mama wa watu. Kuna vyombo vinavyoizunguka sayari ile vikipiga picha. Kila picha inafunika kipande cha ardhi ya kule, na kipande hicho, mipaka yake ikichorwa kwenye ramani, huitwa unyayo wa picha. Bhoke alizichukua namba za pembe za kila picha, akaziingiza kwenye programu, akaona kila unyayo umekanyaga wapi. Alianza kwa kujitolea, chini ya mhadhiri mmoja wa Dar es Salaam, Dokta Esta. Sasa mradi ulikuwa na nafasi moja ya ajira, na Bhoke aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Akiikosa, Jumatatu ni Sirari. Baba yake mdogo, Felix, ana ofisi ya kutoa mizigo forodhani pale mpakani, na alishamwekea meza ya kugonga mihuri. Meza na kiti. Kiti hicho Felix alikinunua ng'ambo ya mpaka, Isebania, na hakuna mtu wa ukoo aliyekuwa hajasimuliwa habari zake.

"Hiyo kiti inazunguka, Bhoke," angesema. "Iko na magurudumu. Iko na mahali pa kuegemea kichwa. Inakungoja tu."

Bhoke alikichukia kiti kile kabla hajakiona.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa imemponza mara moja. Baba yake, Mzee Emanueli, ndiye anayeitwa mashamba yakigombaniwa. Ameotesha mkonge wa mpakani kwa ndugu wasiosalimiana kuanzia mjini hadi vijijini, na bintiye alikua akijua kwamba viwanja viwili vikipandana, mapanga hayako mbali. Kwa hiyo siku ya kwanza alipoona nyayo za picha zimelaliana ovyo kwenye ramani, alishikwa na hofu kabisa. Alizipunguza moja moja hadi hakuna iliyomgusa mwenzake, na katikati akaacha njia ya kupitisha ng'ombe. Dokta Esta alimpigia simu akicheka hadi sauti inakatika. Bhoke hakupenda kukumbushwa habari hiyo.

Basi, saa nane imegonga. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimepasuka wiki ile, ndiyo maana aliiunganisha na runinga ya sebuleni. Dokta Esta na wenzake wawili walikuwa kwenye kona ya juu, wadogo kama picha za paspoti, na ramani imejaa sehemu yote iliyobaki, nyekundu, imetapakaa viboksi. Bhoke ndiyo kwanza anasema, "Shikamooni, naitwa Bhoke," mlango ukafunguliwa.

"Wageni hawasimami juani," alisema Mzee Emanueli, na sauti yake haikuacha nafasi ya mjadala. "Karibuni, karibuni ndani."

Bhoke akawaomba Dokta Esta na wenzake dakika moja, akabonyeza kitufe cha kuzima sauti. Hivyo ndivyo alivyoamini. Kitufe alichobonyeza kilizima picha yake tu, na sauti yote ya sebule iliendelea kwenda Dar es Salaam kama ilivyo.

Wageni wakaingia, shikamoo zikapita mkono hadi mkono. Mbele alikuwa msemaji wao, Mzee Nikolaus, baba mkubwa wa bwana harusi, mwembamba, na koti la suti lisilojali joto. Nyuma yake shangazi Efrazia na wengine. Viti vya sebule ile vyote vinatazama runinga, kwa hiyo walipoketi, posa nzima ikawa inaitazama Mirihi.

Mzee Nikolaus akavaa miwani. "Hii ardhi ni ya wapi?"

"Ni Mirihi, mzee wangu. Ni sayari," Bhoke alijibu akihangaika na waya.

"Mirihi naijua. Nauliza, viwanja hivi vimepimwa na nani? Mbona huyu amepanda juu ya huyu?"

"Na huyu hapa amekaliwa na watatu!" Felix, aliyekuja toka Sirari kwa ajili ya posa, aliruka kutoka kwenye kochi. "Kai! Watu watauana hapa, mura!"

Mzee Emanueli, ambaye miezi yote hiyo hakuwahi kuitazama kazi ya bintiye kwa zaidi ya kupita, sasa alisogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazini. "Mimi nilidhani anachora," alimnong'oneza mkewe. "Kumbe kuna kesi."

"Na huyu mrefu je?" aliuliza Efrazia.

Bhoke akageuka. Katikati ya ramani kulikuwa na utepe mwembamba uliotoka ukingo wa kushoto hadi ukingo wa kulia, ukipita juu ya kila unyayo uliokuwa njiani. Ni picha iliyotumwa asubuhi ile na Dokta Esta, iongezwe kwenye ramani kabla ya usaili. Aliiongeza haraka huku akimenya ndizi jikoni, hakuitazama tena.

"Amepita juu ya wote," Mzee Nikolaus alisema taratibu. "Mashariki hadi magharibi. Hajaacha hata njia."

"Huyo ana ndugu serikalini," Efrazia alihukumu.

"Aitwe!" alisema Mzee Emanueli.

"Nani, baba?"

"Mwenye hilo shamba. Mbele ya wageni wangu siwezi kuliacha jambo hili hivi."

Hapo Bhoke angeweza kulia, na nusura alie. Badala yake kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kile cha kukosa pa kushika, na akiwa amecheka hivyo akajikuta haogopi tena. Liwalo na liwe. Alichukua chupa ya soda mezani, akaifungua, akamkabidhi Mzee Nikolaus pamoja na glasi.

"Mzee wangu, samahani. Funga jicho moja, unyooshe mkono wenye glasi mbali kabisa, halafu umimine. Usiguse glasi kwa chupa."

Mzee alimtazama, akamtazama Emanueli, akaona hapa ndipo ukwe unapopimwa. Akafumba jicho. Akamimina kwa heshima zote, na soda yote ikaingia kwenye suruali ya Felix.

"Uwii! Suruali yangu ya forodha!"

"Jicho moja halijui mbali na karibu," Bhoke alisema kwa haraka, kabla heshima haijarudi. "Picha moja ni jicho moja. Kilima, shimo, vyote inaviona vimelala chini kama mkeka. Zikiwa mbili zimepandana juu ya sehemu ileile, moja imepigwa huku, nyingine kule, hapo ndipo unajua kilima kimeinuka kiasi gani. Hawa hawajaporana, mzee. Hawa wanasaidiana kuona. Zisipopandana, mimi sina kazi."

Kisha Efrazia akafumba jicho lake, akanyoosha kidole kugusa pua ya jirani yake, akamchoma shavuni. Basi tena. Sebule nzima ya watu wazima, waliokuja kwa shughuli nzito ya ukoo, ikawa inafumba jicho moja na kushikashika hewa. Mmoja aliikosa bilauri, mwingine aliukosa mkono wa mkewe. Mama Eunice alicheka hadi akakaa chini, sinia la sambusa mapajani.

"Sawa, hao tumewasamehe," alisema Mzee Emanueli akifuta machozi. "Na yule mrefu?"

Bhoke alitazama dirishani. Nje, kwenye uwanja, ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa jana yake ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi, na juu ya mgongo ina baka jeupe, zuri, lililo zima. Aliitazama kwa muda. Alipogeuka alikuwa anatabasamu peke yake.

"Baba, yule ng'ombe mlimchana wapi?"

"Tumboni. Achanwe wapi kwingine?"

"Na mngemchana mgongoni?"

"Mjinga gani anachana mgongoni? Utalikata baka katikati, nusu iwe ukingo huu, nusu ukingo ule."

"Mjinga ni mimi," Bhoke alisema. "Mirihi ni mviringo, na mviringo haulali kwenye ramani mpaka uuchane mahali. Mimi nimechana juu ya baka. Picha hii imekaa palepale kwenye mchano, mguu mmoja kushoto, mguu mmoja kulia. Programu haimjui ng'ombe. Imeambiwa iziunganishe pembe, imeziunganisha kwa kupita ngozi nzima."

Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye kibodi. Alibadilisha longitudo ya katikati, akauhamishia mchano upande wa pili wa sayari, akaiamuru programu ichore upya. Ramani ikapotea. Runinga ikawa nyeupe kwa muda. Kisha Mirihi ikarudi, imeteleza upande, na ule utepe haupo. Mahali pake, katikati kabisa, kulikuwa na kiboksi kidogo, kinyonge, sawa na wenzake.

"Amerudi kwenye eneo lake!" alipiga kelele Mzee Emanueli, na akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba posa imekubaliwa. Felix, suruali ikichuruzika, alikuwa anapeana mikono na kila mtu.

"Bhoke?" iliita runinga.

Kwenye kona ya juu, Dokta Esta alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Mwenzake mmoja alikuwa bado amefumba jicho, kalamu mkononi, anatafuta kifuniko chake.

"Tumesikia yote," Dokta alisema. "Tangu shikamoo za wageni. Naomba dakika chache tuongee sisi wenyewe."

Picha zao zikazima. Bhoke akakaa sakafuni. Ndiyo basi, alijisemea. Ameendesha usaili kama sherehe ya ubatizo. Akaanza kukiona kile kiti cha Sirari kikizunguka.

Mzee Nikolaus alivua miwani. "Mzee mwenzangu," alimwambia Emanueli, "sisi tumekuja kuomba binti. Lakini neno letu hatulifungui mpaka huyu mwingine apate jibu lake. Tutakaa." Na wakakaa, koo mbili, bila kugusa sambusa, macho kwenye runinga. Wegesa mwenyewe, aliyepaswa kufichwa chumbani mpaka aitwe, alitoka akakaa kando ya mdogo wake, akamshika mkono.

Picha zikarudi.

"Ile picha ya asubuhi," Dokta Esta alisema, "tuliwatumia waombaji wote kwa makusudi, tuone mtu atafanya nini nayo. Wenzako waliifuta. Wewe umeirudisha mahali pake, tena mbele ya wakwe. Unaanza Jumatatu, Bhoke. Na utafanyia hukohuko Nkende, mtandao ukivumilia."

Kelele iliyotoka hapo ilisikika hadi barabarani. Bhoke alibebwa, alimwagiwa soda, alipigwa busu na shangazi asiye wake, na alilia kwa furaha bila kuona haya. Neno la posa likafunguliwa hapohapo, na likaisha upesi kuliko lilivyowahi kuisha neno la posa katika nyumba ile. Ilikuwa jioni Bhoke alipogundua kwamba Felix ameondoka bila kuaga mtu. Meza ile, kiti kile, alivyovisifia miezi yote. Furaha ikampungua kidogo.

Jumatatu asubuhi bodaboda ilisimama getini. Nyuma yake, kichwa chini miguu juu, kiti cheusi kilikuwa kimefungwa kwa mpira, na magurudumu yake bado yanazunguka kwa upepo wa kutoka Sirari.

"Mzee Felix amesema ukalie," alisema dereva akifungua kamba.

Bhoke alikisukuma hadi mbele ya runinga, akakaa kwa tahadhari. Viti vyote alivyovikalia maishani vilimwacha akining'iniza miguu, maana yeye ni mfupi. Nyayo zake zikagusa sakafu, zote mbili, bila kunyoosha vidole. Kiti kilikuwa kimeshushwa zamani hadi kimo chake, na hata rangi ya chuma ilikuwa imeanza kufifia pale kilipokazwa. Akakaa hivyo kwa muda bila kuwasha kompyuta. Kisha akapiga simu.

"Baba mdogo, nimekaa."

"Umeegemeza kichwa?" Felix aliuliza.

Bhoke akaegemeza kichwa.