Mrenda wa Mombasa

Mukonyo hakutaka kuja Kitengela. Alikuwa na mahindi yake Entarara, ng'ombe wake, na majirani wa kuongea nao Kikamba. Lakini macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, basi mwanawe Kisilu akamleta afanyiwe upasuaji. Hiyo ilikuwa Agosti 2003. Alitoka hospitalini jicho moja limefungwa bandeji, lile lingine likiona vivuli tu, akakabidhiwa kwa Wilkister, mkaza mwanawe.

Wilkister alikuwa mwalimu wa nasari, mzaliwa wa Bungoma, na hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja katika ndoa. Shule zilikuwa zimefungwa. Kisilu akienda kazini katika kiwanda cha saruji, wanawake hao wawili walibaki peke yao mchana kutwa.

"Hii chai ni ya mgonjwa?" Mukonyo aliuliza siku ya kwanza.

"Mama, wewe si ni mgonjwa?"

Siku ya pili Wilkister alipika ugali na mrenda. Mukonyo aliingiza vidole, mboga ikavutika kama uzi.

"Ngai! Hii mboga iko na mafua."

Wilkister alitoa sahani. Alipomaliza kuosha vyombo alikaa kwenye kigoda jikoni na riwaya aliyoazimwa na Beverlyne, mwalimu mwenzake. Ilikuwa habari ya mama mkwe tajiri wa Mombasa aliyemtesa mke wa mwanawe. Alifika mahali mama yule anafungia sukari kwenye sanduku, akacheka kwa sauti.

"Unanicheka?" Mukonyo aliita kutoka sebuleni.

"Hapana, Mama. Nasoma kitabu."

"Basi lete hapa tucheke wote."

Wilkister hakuwa na njia. Alikaa karibu naye akaanza mwanzo. Alitarajia mzee akasirike, lakini Mukonyo alisogea ukingoni mwa kiti. "Huyo mama ni mbaya!" alisema. "Sukari kwa sanduku? Kwani hiyo sukari ni dhahabu?" Kuanzia hapo, vyombo vikishaoshwa tu, alikuwa akiita, "Wilkister, huyo mama wa Mombasa amefanya nini leo?"

Hapo ndipo shetani alipomwingia Wilkister. Asubuhi moja chai yake ilikuwa imekataliwa tena. Mchana, alipokuwa akisoma, aliongeza sentensi yake mwenyewe: mama mkwe alionja chai akasema ni ya mgonjwa. Kesho yake Wilkister aliongeza nyingine. Mama mkwe alisukuma sahani ya mrenda, akasema mboga ile iko na mafua, na yule msichana akaenda kulia jikoni.

"Kumbe hata Mombasa wanakula mrenda?" Mukonyo aliuliza polepole.

"Inaonekana wanakula, Mama."

"Haya. Endelea."

Bandeji ilitolewa, na baada ya muda Kisilu akamletea miwani. Mukonyo, aliyezoea kusoma Biblia kanisani kwao, alisoma kila kitu mle ndani, hata pakiti ya unga. Jioni moja Wilkister alirudi kutoka sokoni akamkuta na riwaya mapajani.

"Keti," Mukonyo alisema. "Leo nakusomea mimi."

Alifungua kitabu katikati, akakishika karibu na pua.

"'Mama mkwe alikaa kwa nyumba ya watu. Alikuwa haoni. Kijana wake alirudi kutoka kazi, akamuuliza bibi yake siku ilikuwaje. Mama akaulizwa tu kama amemeza dawa. Alikaa hapo kama mzigo umeachwa na wageni. Hakuchukia mboga sana. Lakini hakuna mtu alimuuliza, Mama, wewe ungetaka kula nini?'"

Wilkister aliinama akakichungulia kitabu.

"Mama," alisema, "hiyo iko ukurasa gani?"

"Ule ule wa mrenda."

Wilkister aliangua kicheko, na machozi yakamtoka papo hapo. Mukonyo naye alicheka mpaka miwani ikateleza. "Pole kwa kulia jikoni," alisema alipopata pumzi. "Sikuwa najua ulilia."

"Pole pia, Mama. Ungetaka kula nini?"

"Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Lakini leo hakuna kupika. Soma tujue huyo msichana atafanya nini. Na usiongeze chumvi."

Kisilu alipofika nyumbani jiko lilikuwa baridi. Mkewe na mamake walikuwa wamebanana kwenye kochi moja, wakibishana kama msichana wa kitabuni arudi kwao ama asirudi.

"Chakula kiko wapi?" aliuliza.

"Mayai iko kwa kabati," mamake alijibu bila kuinua kichwa. "Kaanga ya watu watatu."

Alikaanga. Yaliungua kidogo pembeni, na wale wawili wakakubaliana, kwa mara ya kwanza mbele yake, kwamba hajui kupika.