Dawa ya Nguvu

Baba yangu, Mzee Sulaiman, alikuwa amesema neno moja tu: "Huyu mwalimu, nitamusikia kwanza akiongea mbele ya watu. Akinifurahisha, mutaoana. Akinichosha, arudi kwao Kigoma."

Mi nilimupenda Mutabazi kufa na kupona, lakini kazi yake ni kufundisha kemia. Nani amewahi kupewa bibi juu ya kemia?

Akatayarisha somo la wakubwa, Jumamosi, pale shule ya Mbugangari: nishati ya dawa, yaani namna dawa inavyoshika protini ndani ya mwili. Nishati! Neno la Tanzania hilo. Wellars, fundi wa kuandika vibao, hakulijua, alisikia tu ni kama nguvu, na kuuliza hakuuliza. Akaona mwalimu amekosea, akamusaidia. Kibao kikatoka na herufi nyekundu: DAWA YA NGUVU. KARIBUNI WOTE.

Wee! Huku kwetu dawa ya nguvu ni moja, na kila mwanaume anaijua. Wakajaa mupaka madirishani. Wengine walivuka mupaka wa Kongo pale Petite Barrière, kutoka Goma, wameoga, wamechana nywele. Baba, aliyeketi mbele, akageuka, akaona zile sura.

"Saidati," akaniambia polepole, "muchumba wako anauza ile vitu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Mutabazi, masikini, alifurahi tu kuona watu wengi. "Ndugu zangu," akaanza, "molekuli ya dawa huzurura mwilini ikiwa imezungukwa na maji. Ili ishikane na protini, lazima iachane na maji yale, na uhuru wake wa kuzurura uishe. Hiyo ni gharama kubwa."

"Sawa na kuoa!" mutu mumoja akapiga kelele.

"Naam, sawa na kuoa! Ikishikwa vizuri, gharama inarudi. Ikishikwa vibaya, inatoka tena."

"Inarudi kwa mama yake!" Watu wakacheka kufa. Kisha Rutagengwa, mubeba mizigo wa pale mupakani, akanyoosha mukono. "Bon, mwalimu, tumeelewa. Donc, kidonge iko wapi?"

"Kidonge gani?"

Halafu matusi! Walitoka wakimutafuta Wellars, na Wellars alishakimbia zamani. Ndani tukabaki watu watatu na viti. Mi nikavuta kitambaa changu mupaka machoni nikalia kweli, juu nilijua imekwisha.

Baba hakusimama. "Mwalimu, malizia. Ile nafasi ya protini, mbele ya dawa kuingia, ndani iko nini?"

"Maji, mzee," Mutabazi akajibu. "Yamebanwa mle, hayana raha, hayawezi hata kujigeuza. Dawa ikiingia, yanatoka, yanakuwa huru. Mara nyingi uhuru wa maji yale ndio unaofanya dawa ishike kabisa."

Baba akageuka, akanitazama mi. Toka mama afe, hakulala hata siku moja kwa ndugu yake Goma, hakukaa na wenzake kunywa chai kisha sala. Kila jioni alikuwa mulangoni, ananichunga mi, na mi nilikuwa namukasirikia, eti ananibana.

Akasimama, akapangusa kanzu, akamutazama Mutabazi.

"Umuchukue huyu mutoto," akasema, "na ufanye mbio. Ile maji ni mi."