Paka wa Majina Mawili

Jumatatu tuliyopangiwa upasuaji, nilimwambia Daktari Imogen bila kupepesa macho kwamba paka wangu Barnaby hajala kitu tangu jana yake saa mbili usiku. Barnaby akaniumbua papo hapo. Alitapika soseji juu ya meza, na mimi soseji sijanunua tangu mume wangu afariki.

"Shukuru ametapika sasa, Bi Doreen," daktari akasema huku akipangusa. "Angetapika akiwa kwenye nusu kaputi, chakula kingeweza kuingia mapafuni. Mrudishe Alhamisi, tumbo tupu, maji tu."

"Lakini mimi sikumpa!"

"Basi yuko anayempa."

Nilirudi nyumbani nikifoka peke yangu. Barnaby alikuwa na uvimbe tumboni, mkubwa kama yai, na nilikuwa naogopa, sitaficha. Akienda huyu, nyumba nzima nabaki nayo mimi na saa ya ukutani.

Mtaa wetu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, lakini kumgongea mtu umuulize kama anamlisha paka wako, hilo hatulifanyi. Tunasalimiana kuhusu mvua, basi. Kwa hiyo nikafanya wanavyofanya wengine: nikaandika kikaratasi nikakifunga kwenye ukanda wa shingoni mwake.

"Mimi ni Barnaby. Nina kwangu. Alhamisi napasuliwa. Usinipe chakula, tafadhali."

Jioni alirudi na karatasi nyingine.

"Anaitwa Kevin. Anapasuliwa nini? Mbona sikuambiwa?"

Kevin! Damu ikanipanda. Nikaandika: "Uvimbe. Na wewe ni nani hata uambiwe?"

Jibu halikuja na paka. Alikuja Clifford Haigh mwenyewe, jirani wa kushoto, ambaye tulikuwa hatusemeshani mwaka wa sita ule kwa sababu ya ua wake wa miti unaoninyima jua. Alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Soseji ni zangu," akasema. "Kila asubuhi saa kumi na mbili. Nilidhani hana kwao."

"Na kitambi chote kile? Hana kwao?"

"Kitambi nilidhani nimempa mimi."

Nilitaka kumfungia mlango usoni, ila alikuwa hajamaliza.

"Atapona, Doreen?"

Swali hilo nilikuwa nalo mimi pia. Nikamwambia aingie, nikaweka maji ya chai.

Alhamisi tulikwenda wote. Kwenye fomu nikaandika Barnaby, na Clifford akakohoa, akakohoa tena, mpaka nikaongeza Kevin. Tulikaa kwa muda wa saa tatu kwenye viti vya plastiki tukigombana kuhusu ule ua, kwa sauti ya chini. Hatimaye daktari akatoka anatabasamu.

"Ni mafuta tu yaliyojikusanya, si kitu kibaya. Leo atayumba kama mlevi, msishtuke. Kola ya plastiki tuliyomvisha shingoni asivuliwe hata akilia, atazing'ata nyuzi za mshono. Na asitoke nje siku kumi."

"Kumi?" Clifford akauliza, na uso ukamsawijika.

Ndipo nikaelewa. Siku kumi za paka kufungiwa kwangu ni siku kumi za Clifford bila Kevin.

"Mlango ninao," nikamwambia. "Gonga."

Akagonga, kila asubuhi, na bakuli la kuku wa kuchemsha. Paka akigonga kila kiti kwa kola yake tulicheka mpaka machozi. Mmoja akiita Barnaby, mwingine Kevin, na mwenyewe haitiki popote.

Siku ya kumi nyuzi zikatolewa. Nikafungua mlango wa nyuma, naye akapenya moja kwa moja chini ya ua kwenda kwa Clifford.

Kesho yake hakuna aliyegonga. Nilikuwa nimeshaweka vikombe viwili mezani, nikavitazama nikajiona mjinga. Paka amepona, na nyumba imekuwa tupu vilevile. Aliporudi ananuka soseji, nilimfunga kikaratasi, nikamtoa tena nje.

"Na mimi je, silishwi?"

Nilikaa jikoni nikisubiri. Haikupita muda, sauti ya Clifford ikapazwa ng'ambo ya ukuta.

"Mbili au tatu?"

"Tatu!" nikapiga kelele. "Na uje nazo mwenyewe!"