Mchezo wa Kutomwona Zerfe

"Kukuluu," Zerfe aliwika, uso ameulaza ukutani, macho ameyafunika kwa mtandio.

Ilikuwa zamu yetu kujibu. Katika mchezo ule mtafutaji ndiye jogoo, na wanaojificha humjibu kwamba hakujakucha, hakujakucha, mpaka kila mmoja apate pa kujibanza. Lakini mimi na mdogo wangu Amha hatukwenda kujificha. Tulikuwa tumekaa palepale sakafuni, hatua mbili nyuma yake, tukipanga vizibo vya soda. Mvua ya mawe ililipiga bati kama mtu anayemwaga njegere kwenye sinia.

"Kukuluu," aliwika tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Kidevu cha Amha kikaanza kutetemeka. Nikamfinya paja.

Zerfe alingoja. Kisha akageuka taratibu, mtandio bado mkononi, akatukuta.

"Leo hamtaki kucheza?" aliuliza. Akachuchumaa mbele yangu, karibu kabisa, hata nikasikia harufu ya siagi aliyopaka nywele. "Mahlet, mwanangu, nimewakosea nini?"

Nilichukua kizibo chekundu nikakiweka juu ya cha bluu. Nilikuwa na miaka saba, na nilikuwa nashinda.

Zerfe alikuwa binamu wa baba yangu, kutoka Gojam. Bibi alimleta Addis Ababa alipozaliwa Amha, aje kumsaidia mama kwa miezi mitatu, na miezi hiyo ikawa miaka minne. Baba alifanya kazi Dire Dawa, akawa anakuja nyumbani mara chache kama sikukuu. Mama alikuwa karani, akitoka asubuhi na kurudi jioni, miguu imevimba, akitukuta tumeshakula, tumeshaoga, na tunacheka jambo ambalo yeye hakulijua.

Msimu wa mvua ndio ulikuwa wa Zerfe. Shule zikifungwa, jiji likigeuka tope na baridi, watoto wa majirani walishinda madirishani wakipumulia vioo. Sisi hatukuwa na muda huo. Zerfe alitandaza blanketi juu ya viti, tukawa wachungaji ndani ya hema, na mto wa kulalia ndio kondoo aliyepotea. Karai la kufulia lilikuwa mashua kwenye Ziwa Tana. Alituvuta nalo chumba hadi chumba huku akitutajia viboko wa kuogopwa. Alitumwagia unga kwenye sinia tuchore kwa vidole. Soksi iliyotoboka aliishona macho, ikawa mbuzi mbishi asiyekubali kitu mpaka abembelezwe. Alituchanganyia maharage na dengu tuyatenganishe, atakayemaliza kwanza awe mfalme mpaka chakula cha mchana. Umeme ukikatika mchana wa mawingu, aliwasha mshumaa na vidole vyake vikazaa fisi na ndege ukutani.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichonunuliwa. Labda hilo nalo lilimuuma mama.

Mwaka ule, mvua zilipoanza, Amha aliugua homa. Mama aliomba ruhusa kazini, akakaa naye siku nzima, akimkanda kwa kitambaa chenye maji. Jioni mtoto akafumbua macho, akamtazama, akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Namtaka mama," alisema.

"Mimi hapa, baba."

"Siyo wewe," Amha akasema. "Mama Zerfe."

Mama alikamua kile kitambaa, akakikunja vizuri sana, akakiweka ukingoni mwa beseni. Kumfukuza Zerfe hakuweza. Bibi angeandika barua, baba angepanda treni, ukoo mzima ungekaa kikao. Zerfe angeweza kuondoka kwa njia moja tu, kwa miguu yake na kwa kutaka mwenyewe.

Jumanne asubuhi, Amha akiwa amepona, mama alituita chumbani kwake akafunga mlango. Alikuwa anatabasamu. Hakuwahi kutuletea mchezo hata siku moja, kwa hiyo tulimsikiliza kwa mshangao na furaha.

"Siku tatu," alisema. "Zerfe hayupo. Akisema, hamsikii. Akisimama mbele yenu, hamwoni. Chakula mnakula, nguo mnavaa, lakini yeye hayupo. Atakayemtazama au kumjibu ameshindwa. Atakayeweza, nakwenda naye mjini Piyasa, mimi na yeye tu, tukale keki."

"Na yeye anacheza?" Amha akauliza.

"Yeye hajui. Ukimwambia umeshindwa."

Siku ya kwanza Zerfe alicheka. Alidhani tumebuni kitu, akaingia mchezoni, akajifanya mzuka, akatupuliza masikioni. Amha alijiuma midomo. Jioni kicheko kilikuwa kimekwisha. Siku ya pili ndiyo ile ya kuwika peke yake ukutani. Baada yake alileta yule mbuzi wa soksi, akamfanya atuombe radhi kwa sauti ya puani. Mimi nilipiga miayo. Kisha nikamsikia jikoni akijisemea, "Labda wamesikia jambo. Labda nimesemwa." Usiku ule hakula.

Nataka nieleze kwamba nilikuwa naumia, lakini sikumbuki hivyo. Ninachokumbuka ni utamu. Kila alipotamka jina langu nami nisigeuke, nilijiona naongezeka urefu. Mtu mzima, aliyeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja, alikuwa anasimama mbele yangu akiniomba nimtazame, na mimi ndiye niliyekataa.

Alhamisi mchana, Zerfe alitoka jikoni na sufuria ya maji ya moto ya kutuogeshea. Kijia kati ya kabati na meza kilikuwa chembamba, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yake na vizibo vyangu.

"Pisha, mwanangu, nina maji ya moto."

Nilimsikia. Miguu yake niliiona.

"Mahlet. Maji ya moto. Pisha."

Nikapanga kizibo kingine. Alikuwa ameshafika, sufuria imemwelemea na mvuke umemfunika uso, na meza imejaa vyombo, hakuwa na pa kuitua. Akajaribu kunivuka. Mguu wake ukateleza juu ya kizibo. Angeweza kuiachia sufuria iende ilikokuwa inakwenda, yaani kichwani kwangu. Aliivuta kifuani.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti kama ya mtu aliyekatizwa usemi, akaketi sakafuni. Mkono wote wa kushoto na paja vilikuwa vinafuka.

"Mahlet," alisema kwa shida. "Mwite jirani. Fungua mlango umwite."

Komeo la mlango mimi nililifikia. Amha hakulifikia. Zilibaki saa tano mama arudi, na mchezo ulikuwa unakwisha jioni ile. Niliokota vizibo vilivyotawanyika, kimoja kimoja, nikaanza mstari upya.

Amha ndiye aliyekimbia. Alichukua kikombe chetu cha bati cha kuchezea, kidogo kama ganda la yai, akachota maji ya mtungini, akaja akammwagia mkononi. Akarudi, akachota tena. Sijui alikwenda mara ngapi. Alikuwa analia huku akisema, "Nakuona, Zerfe. Nimeshindwa. Nakuona."

Zerfe akamshika kwa mkono mzima. "Umeshindwa nini, baba?"

"Mchezo. Wa kutokukuona."

"Nani kakufundisha mchezo huo?"

"Mama."

Ndipo Zerfe alipoinua kichwa akanitazama mimi. Niliukodolea macho ukuta. Akaacha kuniita. Aliinuka kwa kushikilia meza, akafungua komeo mwenyewe, akatoka mvuani kwenda kwa jirani.

Mama aliporudi alimkuta amelala, mkono umefungwa kitambaa cheupe, jirani pembeni yake. Akanivuta kando.

"Imekuwaje?"

"Amha ameshindwa," nilisema. "Mimi sikumwona wala sikumsikia. Hata alipoungua."

Nilimwona mama akitaka kuniuliza kitu, akakiacha. Nadhani aliniogopa, na tangu siku ile, mpaka leo hii ambapo mimi ndiye ninayemlisha kwa kijiko, hatujawahi kukaa wawili chumbani bila redio kuwashwa.

Ahadi yake aliitimiza. Jumamosi tulikwenda Piyasa, nikala keki ya safu tatu yenye krimu, na ilikuwa tamu, nikaomba ya pili. Tuliporudi, kitanda cha Zerfe kilikuwa kitupu. Alipanda basi la Gojam na mkono wake ule, ambao nilisikia baadaye kwamba haukunyooka tena. Bibi aliandikiwa kwamba Zerfe alikuwa mzembe na moto.

Jumatatu aliletwa msichana mwingine, Abebu, mchangamfu, mwenye mwanya. Alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni kati yetu, akasugua viganja kwa baridi.

"Haya, watoto," alisema, "mvua hii haituachii leo. Nifundisheni michezo yenu. Mnajua ipi?"

Amha alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Hatujui mchezo wowote," alisema.

Abebu akacheka, akanigeukia mimi. Nikamwambia ni kweli, hatujui.