Waliobeba Ndege

Mhudumu alikuwa anammiminia chai mzee wa kiti cha dirishani pale pua ya ndege ilipoinama ghafla. Chai ikaruka darini. Kigari cha vinywaji kikakimbia hadi mlango wa marubani, naye akang'ang'ania kiti huku abiria wakipiga mayowe.

Hali ile aliijua. Mwaka jana ndege nyingine ya kampuni ilianguka hivyohivyo, kwa kifaa kilekile kinachoidanganya ndege kwamba imeinua pua mno, nayo ikajiinamisha. Dada yake alikuwamo, kazini, ndani ya sare kama hii. Kampuni ilisema rubani alizembea.

Alipotazama nje alimwona dada yake chini ya bawa, pamoja na abiria wote wa safari ile, wamelitia mabegani kama watu wanaokwamua gari kwenye tope. Rubani marehemu alikuwa mbele, akiisukuma pua juu kwa mikono miwili. Ndege ikainuka, ikatulia.

Mzee alijifuta chai usoni. "Yule ni nduguyo?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Mmefanana kweli."

Wale marehemu waliitua ndege uwanjani taratibu. Abiria wakawapa mikono, wakaenda kuchukua mizigo yao. Dada alikuwa ameketi kando ya gurudumu, akijikanda bega.

"Pole, dada."

"Nimechoka, mdogo wangu. Waambie wakitengeneze kile kifaa."

Mhudumu alipanda moja kwa moja hadi ofisini kwa meneja wa kampuni, ambaye alikuwa ameona yote dirishani na hakukana kitu.

"Zisimamisheni hizo ndege," mhudumu alisema.

"Ya nini kuzisimamisha, na wabebaji tunao? Tena wanajituma."

"Rubani mlimzika na lawama zisizo zake! Dada yangu mlimuua, sasa mnamfanya kuli?"

Meneja alimwomba apunguze sauti, kuna wageni chumba cha pili.

Mhudumu akavua beji, akaibwaga mezani, akashuka. Ndege ilikuwa imeshajazwa mafuta. Msimamizi wa zamu alikuwa anawapanga marehemu kwa kimo, wafupi karibu na mkia, akiwahimiza wasicheleweshe safari. Mhudumu alimshika dada yake mkono, akamvuta. Dada akatikisa kichwa.

"Nikiachia, nani atawashika hawa?"

Akainama, akaweka bega chini ya bawa. Abiria wapya walikuwa wanapanda ngazi na mabegi yao, na kila aliyepita aliwaambia kwa adabu, "Poleni na kazi."