Njia ya Maji

Mimi sijifichi: mtu akinichekea mara mbili, namshuku. Wifi yangu alinichekea tangu siku aliyoletwa nyumbani. Kisha akazaa mtoto mwenye masikio yaliyochomoza, na ukoo wetu mzima, walio hai na marehemu, hakuna mwenye masikio ya namna ile. Nilinyamaza miaka minne. Lisemwalo lipo, nikajiambia, hata kama msemaji nilikuwa peke yangu.

Nafanya kazi maabara ya vinasaba. Jumapili nilikwenda kuwatembelea, nikamwambia mtoto, tunamwita Kibonge, afungue kinywa shangazi ahesabu meno. Nikampitishia kijiti cha pamba shavuni. Vikombe walivyonywea baba yake na mama yake nilivipangusa jikoni, nikijidai naosha vyombo. Wifi akanishukuru sana. Sasa nani humshukuru wifi yake kiasi hicho kwa vikombe viwili, kama hana lake jambo?

Kesho yake wenzangu walikuwa kwenye semina ya kutwa. Nikaifanya kazi mbiombio, mikono mitupu, maana glavu zilikuwa zimeisha na watu wa stoo wana roho mbaya. Nikavizidisha vinasaba kwenye mashine, nikavipitisha kwenye jeli vijipange kwa mistari, kila mtu na njia yake, na njia ya mwisho nikaipa maji matupu kama ilivyo desturi yetu. Halafu nikatia rangi. Rangi yenyewe huioni, lakini ikishashika kinasaba, ukaimulika kwa taa ya urujuani, inang'aa kijani. Mtoto hurithi mstari mmoja kwa baba, mmoja kwa mama. Ukiona mstari mwingine, basi kuna mgeni.

Nikawasha taa. Kwenye njia ya Kibonge ulikuwepo mstari mmoja mkali, si wa baba, si wa mama.

Nikampigia mdogo wangu hapohapo. "Mtoto si wako," nikasema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Dada, tuko mezani. Simu iko kwenye spika, mama yake anakusikia."

"Vizuri," nikasema. "Asikie."

Nikakata, nikainama kupiga picha ya ushahidi. Ndipo nikaiona njia ya maji. Maji hayana mtu ndani, njia yake inatakiwa iwe giza tupu. Ilikuwa inang'aa, mstari uleule wa mgeni, mahali palepale. Kila anayeanza kazi humu namfundisha mimi mwenyewe: soma maji kwanza, na maji yakiwa na kitu usisome kingine, tupa yote. Mimi niliruka moja kwa moja kwa Kibonge kwa sababu nilishajua ninachotaka kukiona.

Nikaazima glavu chumba cha pili, nikajipitishia na mimi kijiti cha pamba shavuni, nikarudia yote upya. Safari hii maji yalikuwa giza. Kibonge alikuwa na mstari wa baba yake na mstari wa mama yake, basi. Ule mstari wa tatu ulikuwa kwenye njia yangu: mgeni nilikuwa mimi, nimeingia kwa vidole vyangu.

Jioni nikabeba picha mpaka kwao. Mdogo wangu alisimama mlangoni, hakunipisha. Nyuma yake wifi alikuwa anakunja nguo za mtoto, sikuona kama ni za kabatini au za begini. Nikaeleza habari ya glavu, ya vidole, ya maji. Nikasema wifi, nisamehe, nimekukosea vibaya. Picha hakuipokea.

"Majibu sikuyauliza," akasema, bila hata kupandisha sauti. "Nilikuwa nayo. Nataka kujua ulianza lini kunishuku."

Nikasema ni juzi tu, shetani alinipitia. Hata saa ile nilidanganya, na mdogo wangu, aliyekulia mgongoni kwangu, alijua nadanganya.

"Nenda nyumbani, dada," akasema. "Ukihitajika tutakuita."

Huu ni mwezi wa saba tangu jioni ile, na simu naingia nayo mpaka bafuni.